Hiyo "shall" kwenye mkataba wako inamfunga nani?

Haya niliyaongea na waongozaji wa wageni, wapishi na wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, hapa Arusha kabla msimu haujaanza. Wengi mliomba niyaweke kwa maandishi, kwahiyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, na maswali ya mwisho nayo nimeyaweka.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu mambo. Asanteni kwa kuja, najua kuna watu hapa kesho wanapandisha kwa geti la Machame na wengine mnaingia Tarangire asubuhi na mapema, sitawashika mpaka jioni, ila mada ya leo naomba mnivumilie kwasababu ni kitu nakipenda sana na pia nimeona kinavyowaumiza watu. Mimi ni mwalimu wa kizungu, mnanijua, na kila msimu ukikaribia watu wananiletea karatasi wanasema mwalimu hebu nisomee hapa nisije nikasaini kitu cha ajabu. Mikataba yenyewe inatofautiana, ya kampuni kubwa ina kurasa nyingi na ya kampuni ndogo ni karatasi moja imepigwa kopi mpaka herufi zimefifia, lakini kuna neno moja liko kote, linajirudia karibu kila mstari. Neno lenyewe ni shall.

Nimewauliza baadhi yenu hapo nje kabla hatujaingia, shall maana yake nini? Wengi mmenijibu ni "ta", ya wakati ujao. Na mmejibu hivyo kwasababu ndivyo tulivyofundishwa wote, I shall, we shall, halafu ukifika kwa you na he na they unabadilisha unasema will, na mtoto akiuliza kwanini anaambiwa ndio sheria ya kizungu andika usonge mbele. Sasa hiyo sheria ina mwenyewe. Kuna Mwingereza anaitwa John Wallis, alikuwa mtu wa hesabu, huyohuyo ndiye aliyetuletea ile alama ya kitu kisicho na mwisho, ile kama nane imelala. Mwaka 1653 alitoa kitabu cha sarufi ya kiingereza, na alikiandika kwa Kilatini, ndani yake akaweka kwamba ukijisemea wewe mwenyewe shall ni kutabiri tu na will ni kuahidi au kutishia, ila ukimsemea mwingine inageuka, will inakuwa ya kutabiri na shall inakuwa ya kuahidi au kutishia. Waliokuja baada yake wakakopi wakakopi mpaka ikafika kwenye madaftari yetu huku. Lakini wenye lugha wenyewe hawajawahi kuifuata kwa usawa, Wamarekani ndio kabisa shall kwenye maongezi ya kawaida hawana habari nayo sana, na hata Waingereza, Churchill alivyosimama bungeni tarehe 4 Juni 1940 akarudia tena na tena we shall fight, tutapigana ufukweni, tutapigana mashambani na mitaani, pale hakuwa anatabiri kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Alikuwa anajifunga mbele ya watu. Kwa sheria ya Wallis kujifunga ilitakiwa iwe will.

Kwahiyo hiyo sheria ya darasani iwekeni pembeni, haiwasaidii. Kinachosaidia ni kujua hili neno lilitoka wapi.

Zamani sana, kile kiingereza cha miaka elfu moja na zaidi iliyopita, hili neno liliandikwa sceal na halikuwa neno dogo la kusaidia maneno mengine kama sasahivi. Lilikuwa kitenzi kamili kinachosimama chenyewe na maana yake ilikuwa kudaiwa. Unadaiwa hela, unadaiwa mafuta, unadaiwa ngano. Wale mnaosoma Biblia mnaijua Luka 16, yule wakili anayewaita wadeni wa bwana wake mmojammoja anawauliza unadaiwa kiasi gani, basi kwenye injili ya kiingereza cha zamani lile swali limeulizwa kwa kitenzi hikihiki. Na mliozoea wageni wa Kijerumani mtakuwa mmesikia neno Schuld, ni deni na pia ni hatia, huyo ni ndugu wa damu wa shall, wametoka tumbo moja. Will yenyewe ilikuwa kitu kingine kabisa, ilikuwa ni kutaka. Mmoja anataka na mwingine anadaiwa. Baadaye yote mawili yakalainika yakawa yanabeba wakati ujao, kwasababu kitu unachotaka na kitu unachodaiwa vyote bado hujavifanya, viko mbele, lakini lile deni halijawahi kuondoka ndani ya shall. Kwenye maongezi limefifia. Kwenye karatasi ya mkataba liko hai.

Hapo ndio kuna kitu chote nilichokuja kusema. Ukiona shall usisome "ta" ukapita, simama hapo ujiulize nani anadaiwa, anadaiwa nini, na anamdai nani.

Kabla sijaingia kwenye mikataba niseme kidogo ya wageni maana mnaiishi kila siku. Shall kwenye maongezi imebaki na nguvu sehemu moja tu, kwenye swali la mimi na sisi. Shall we go? Shall I take your bag? Hii sisi Waswahili tunaipata vizuri kabisa maana tunayo kwetu, twende? nikubebee begi? Haiulizi habari za kesho, inaomba ruhusa au inatoa wazo na kumwachia mwenzako aamue. Ni adabu nzuri na mgeni anaisikia. Ukisema Will I take your bag wengi watashangaa kidogo, ingawa Mwairishi na Mskoti wao wanasema hivyohivyo kwao kwahiyo ukimsikia usimsahihishe. Na Mmarekani mara nyingi atakwambia Should we go, ni kilekile. Ila kuna kitu nakisikia sana kwenye maelezo ya usiku wa kilele pale Barafu, mwongozaji anawaambia wageni You shall wake up at eleven, you shall wear four layers. Jamani, hapo umeshakuwa afande. Shall ukiielekeza kwa you inatoka kama amri ya kijeshi au amri ya Musa, zile thou shalt not za kwenye Biblia ya King James ya 1611, usiue usiibe. Mgeni amelipa hela yake na amechoka na kichwa kinamuuma na urefu wa mlima, mwambie you will wake up, au we'll wake you up, yatosha.

Haya. Mikataba.

Nitaanza na dada mmoja mpishi, simtaji na kampuni siitaji maana lengo sio kugombana na mtu. Aliniletea mkataba wake baada ya kuwa ameshafanya kazi msimu mzima na hela ya safari za mwisho hajaiona. Mkataba ulikuwa wa kizungu mtupu. Upande wake umejaa, the cook shall report, shall maintain, shall replace, shall not use, yaani hata kijiko kikipotea mlimani she shall replace. Anadaiwa kila kitu. Nikatafuta upande wa kampuni, na huko nikakuta lugha imebadilika, kampuni ni the company may. May provide meals, may pay a bonus, may at its discretion review the rate. May ni hiari. Anaweza akafanya na anaweza asifanye na hajakukosea chochote kwenye karatasi. Nikafika kwenye malipo nikasema hapa sasa lazima iwepo, na kweli ilikuwepo, imeandikwa Wages shall be paid upon completion of the trip. Yule dada akafurahi, si hiyo hapo mwalimu, shall.

Soma tena. Wages shall be paid. Mishahara italipwa. Na nani? Haijasema. Mishahara haidaiwi, mshahara ni hela haina mikono wala haina akaunti, anayedaiwa ni mtu au kampuni, na mtu huyo ametolewa kwenye sentensi. Na siku ngapi baada ya safari, haijasema. Kwa dada yule haikuwa mwisho wa dunia kwasababu sheria za nchi zinajua mwajiri ni nani, nitafika huko, lakini wakala aliyempeleka alikuwa anasema mlipaji ni kampuni na kampuni inasema tumeshamlipa wakala, na ile sentensi haikuweza kumsaidia kuamua nani mkweli. Ingeandikwa the company shall pay the cook within seven days, wale wawili wasingekuwa na kona ya kujificha.

Kwahiyo kwenye shall cha kwanza angalia mbele yake kuna nani. Kuna mtu au kuna kitu? Kama kuna mtu, deni lina mwenyewe. Kama kuna kitu, mishahara, vifaa, taarifa, sare, basi uliza nani hasa, na omba jina lake liandikwe hapo.

Halafu kuna jaribio ambalo waandishi wa sheria wa kizungu wenyewe wanalitumia na mimi nimelipenda sana kwasababu linafanya kazi hata kwa mtu ambaye kizungu chake ni cha kuungaunga. Ukifika kwenye shall itoe, weka maneno "ana wajibu wa", soma sentensi upya. The guide shall carry a first aid kit, mwongozaji ana wajibu wa kubeba boksi la huduma ya kwanza. Imekaa. Hiyo ni shall ya kweli. Nenda nyingine, This agreement shall commence on 1 June, mkataba huu una wajibu wa kuanza tarehe 1 Juni. Haikai, mkataba hauwezi kuwa na wajibu, hiyo ni shall ya pambo tu wameweka ili karatasi isikike kisheria. Nyingine sasa, na hii ndio ya kuangalia kwa macho mawili, The company shall have the right to terminate without notice. Kampuni ina wajibu wa kuwa na haki ya kukuondoa bila taarifa. Umeona inavyogoma? Hapo shall haimdai mwajiri chochote, imevaa nguo ya wajibu lakini ndani ni haki yake juu yako. Wengi mnahesabu shall mnasema mbona na wao wanazo nyingi, kumbe shall za upande wao nusu ni hizi, shall have the right, shall be entitled, shall not be liable. Hiyo ya mwisho, shall not be liable, inamaanisha haitawajibika, ukiumia au begi likipotea au mgeni akiahirisha safari, wao hawadaiwi. Ni shall inayofuta deni.

Kuna nyingine laini, shall endeavour, shall use its best efforts. Kampuni itajitahidi kulipa kwa wakati. Anachodaiwa hapo ni kujitahidi, sio kulipa. Kwa kazi kama utafiti wa madini sawa, mtu hawezi kuahidi kwamba atapata tanzanaiti, anaahidi kutafuta. Lakini mshahara wa mtu aliyekwishapanda akashuka hakuna cha kujitahidi pale, mimi nakataa kabisa, hiyo mwambie mwajiri wako kwa heshima aitoe.

Na shall be deemed. Hii naomba muikariri. An employee absent for two days shall be deemed to have resigned. Atahesabika ameacha kazi mwenyewe. Kumbe ulikuwa unaumwa homa ya mapafu baada ya kushuka, uko hospitali, karatasi inakusemea kitu ambacho hujawahi kukisema. Deemed ni neno la kufanya kitu kionekane kimetokea hata kama hakijatokea, na likiungana na shall linakuwa zito. Muulize mwajiri, nikiwa mgonjwa je? aongeze mstari.

Sasa kuna kaka mmoja pale nyuma alinikatisha akasema mwalimu si sheria inasema shall ni lazima, sasa tunahangaika nini. Ni kweli na sio kweli, na hii sehemu ndio inanifanya nilipende hili neno na kulilalamikia kwa wakati mmoja.

Kwenye sheria zetu tuna Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ukichukua toleo la 2019 kifungu cha 53 kinasema wazi, sheria ikimpa mtu mamlaka kwa neno may basi anaweza kuyatumia au asiyatumie, na ikimpa mtu kazi kwa neno shall basi kazi hiyo ni lazima ifanyike. Safi kabisa. Lakini Mahakama ya Rufani yetu hiyohiyo imeshasema kwenye mashauri ya jinai kwamba shall iliyomo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai sio kila mara ukiikosa basi kesi nzima inaanguka, inabidi uangalie je kule kukosea kumefanya haki isitendeke. Yaani neno lilelile, mahakama inaliangalia limekaa wapi na limekaa kwa ajili ya nani.

Na msione ni mambo ya mbali, tuko Arusha hapa, mji huu umejaa shall kuliko mji wowote Tanzania hii nadhani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa tarehe 30 Novemba 1999. Ibara ya 137, kama ilivyosainiwa wakati ule, ilisema lugha rasmi ya Jumuiya shall be English, na mstari unaofuata ukasema Kiswahili shall be developed, kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Fanya lile jaribio letu. Kiswahili kina wajibu wa kuendelezwa? Na nani? Ni uleule ugonjwa wa wages shall be paid. Hakuna mtu mbele ya shall. Mimi kama mtu wa lugha nikisoma hiyo ibara roho inaniuma, kiingereza kilipewa cheo na Kiswahili kilipewa ahadi isiyo na mdeni.

Au Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iko hapahapa. Protokali yake ya mwaka 1998 ibara ya 34 inasema nchi ikishairidhia au wakati wowote baadaye, the State shall make a declaration, itatoa tamko la kukubali watu binafsi na asasi wafungue kesi moja kwa moja. Imeandikwa shall. Lakini nchi nyingi zimeridhia na tamko hazijatoa, na kwa vitendo inachukuliwa ni hiari ya nchi, sisi Tanzania tulilitoa mwaka 2010 na tukatangaza kuliondoa mwaka 2019. Sizungumzi siasa, nazungumza kitenzi. Ukiweka shall halafu ukaongeza "wakati wowote", umetoa deni lisilo na tarehe ya kulipwa, na deni lisilo na tarehe kila mtu anajua linavyolipwa.

Wakubwa wa dunia wanalijua hili vizuri sana. Mwaka 2015 mwezi Desemba, kule Paris kwenye mkutano wa tabianchi, rasimu ya mwisho imeshatoka, watu wanasubiri kupiga makofi, Wamarekani wakasoma wakakuta kwenye ibara ya 4 imeandikwa nchi tajiri shall zipunguze hewa chafu kwa viwango vya uchumi mzima. Wakasema hatuwezi kusaini. Should, yaani inafaa, tulikubaliana, shall hapana, kwasababu ikiwa shall ni deni la kisheria na linatakiwa lipite kwenye Seneti yao ambako wasingelipitisha. Kikao kikachelewa, nchi karibu mia mbili zimekaa zinasubiri, mwishowe ikasomwa kama marekebisho ya kosa la uandishi, shall ikawa should, na Laurent Fabius, waziri wa Ufaransa aliyekuwa anaongoza mkutano, akagonga nyundo. Nyie mnaopanda Kilimanjaro mnaiona barafu inavyopungua mwaka hadi mwaka, basi mjue kulikuwa na jioni moja ambapo mataifa yote yalisimama kwa ajili ya kitenzi, na aliyeshinda ni yule aliyesoma karatasi yake vizuri kabla ya kusaini.

Kwasababu ya vurugu zote hizi kuna watu wameamua kuliacha kabisa. Afrika Kusini Katiba yao ya muda ya 1993 ilijaa shall, ile ya 1996 wakaweka must, yaani lazima. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007 na shall ikaondolewa. Kenya wenzetu katiba yao ya 2010 bado wameishika. Mimi niko upande wa must. Must haina mambo mengi, mtoto wa darasa la tano anaielewa. Ila mikataba mnayoletewa imekopiwa kutoka mikataba ya miaka mingi iliyopita, kwahiyo shall mtaishi nayo.

Sasa mtu atasema basi dawa ni kudai mkataba wa Kiswahili. Ndio, dai, una haki ya kuelewa unachosaini. Lakini msije mkadhani Kiswahili kimetoka kwenye mtego huu. Waandishi wetu wa sheria shall wanaiandika kwa "ta". Katiba yetu ya 1977 inasema Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano, na hakuna mtu anayeisoma hiyo kama utabiri wa hali ya hewa. Mwaka 2021 bunge lilipobadilisha lugha ya sheria, sasa lugha ya sheria itakuwa Kiswahili, ni "ta" hiyohiyo. Kwahiyo mkataba ukisema mwajiri atalipa, hiyo "ta" inaweza kuwa deni na inaweza kuwa habari tu, kama bosi anavyokwambia mdomoni usijali nitakulipa. Ndio maana mkataba wangu ukiwa wa Kiswahili mimi napendelea iandikwe mwajiri ana wajibu wa kulipa, au ni lazima alipe, kabla ya siku fulani. Inasikika kavu lakini haina pa kukimbilia.

Maswali yalikuwa mengi, naweka yale ambayo yanagusa wengi.

Kaka mmoja mgumu wa siku nyingi aliuliza, mimi sijawahi kupewa karatasi yoyote, napigiwa simu tu njoo getini, hizo shall zako zinanihusu vipi? Zinakuhusu sana, tena zako ziko kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inasema an employer shall supply, mwajiri ana wajibu wa kumpa mfanyakazi taarifa za kazi yake kwa maandishi anapoanza, kazi gani, mahali gani, saa ngapi, malipo kiasi gani na yanapigwaje hesabu. Fanya jaribio, mbele ya shall kuna nani? Mwajiri. Hiyo ni shall ya kweli. Na kifungu hichohicho kinasema kama mfanyakazi haelewi hayo maandishi, mwajiri shall ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwahiyo ukiletewa karatasi ya kizungu ukamwambia bosi naomba unieleweshe, hujamdharau na hujajifanya mjuaji, umemkumbusha deni lake. Na kubwa zaidi, mkifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au hizo taarifa, mzigo wa kuthibitisha kwamba mlikubaliana vile au hamkukubaliana unakuwa wake yeye, sio wako wewe ambaye hukupewa karatasi.

Dada mmoja anayefanya lodji ya kudumu akauliza likizo, mkataba wake umeandikwa the employer may grant leave. Hapo may ya mkataba inagongana na shall ya sheria, na sheria inasema mwajiri shall ampe mfanyakazi likizo ya angalau siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo. Mkataba hauwezi kukushusha chini ya hapo. Kwa vibarua wa msimu chini ya miezi sita masharti yana tofauti, msichukue hiyo 28 mkaenda nayo kichwakichwa.

Na yule kijana wa mwisho, aliuliza kwa sauti ya chini lakini nadhani aliuliza kwa niaba ya wengi, kama nimeshasaini tayari na nimeona shall zote ziko kwangu, nifanyeje? Kwanza usichane karatasi na usiogope kurudi kwa mwajiri, wengine wamekopi tu mkataba wa mtu hata wenyewe hawajausoma, ukimwonyesha mstari anarekebisha na mnasaini wote wawili pembeni. Akikataa na kuna hela yako ya kweli haijalipwa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapa Arusha, unajaza fomu mwenyewe. Angalia muda tu. Kama umeachishwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko, migogoro mingine kama ya mishahara ni siku 60, ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda na uwe na sababu ya maana. Beba mkataba, beba meseji za simu, beba risiti za muamala. Na kwenye ule mkataba piga mstari chini ya kila shall kabla hujaondoka nyumbani, zile zenye mtu mbele yake kwa kalamu ya rangi moja, zile zisizo na mtu kwa rangi nyingine, afisa akikuuliza unamdai nani nini unamwonyesha kwa kidole.

Waliobaki na mikataba mkononi tutakaa hapohapo ukumbini baada ya chai, anzeni wale mnaopanda kesho.